Mama Hayupo

Katika mji ule siku hazikugawiwa sawasawa. Wapo waliopata Ijumaa mbili ndani ya wiki moja, wakazilala zote, na wapo waliojilaza Jumatatu wakaamka Alhamisi, hina imekwisha kukolea viganjani mwao na hawaijui harusi waliyotoka. Mwanakombo alikuwa wa kundi hili la pili. Ukimwuliza jana alikuwa wapi, alijibu upesi, "Nilikuwepo," kisha akageuza mazungumzo, akaulizia watoto, mguu unaouma, nazi zilivyoadimika. Alikuwa hodari wa kuulizia. Nusu ya mji ilimsifu kwa ukarimu, na haikujua kwamba ukarimu ule ulikuwa pazia.

Na aibu, katika mji ule, ilionekana kwa macho. Ilikuwa unga. Unga mwembamba mweupe, mfano wa unga wa muhogo, uliowaangukia watu mabegani kutoka pasipojulikana. Aibu ndogo unaipangusa kwa kiganja ukaendelea na safari yako. Aibu kubwa inapenya mpaka kwenye kope. Sijui ni nani aliyeutengea mji huu adhabu hiyo, halafu akawavika wanawake wake mabuibui meusi, lakini alikuwa na mzaha mbaya. Kila nyumba ilitundika brashi nyuma ya mlango wa mbele. Ya Mwanakombo ilikuwa imebaki mpini na manyoya machache.

Swali lililomtafuna lilikuwa moja, wala halikuwa la vitabuni. Mtu akiondoka ndani ya mwili wake, nani anabaki kuulinda? Maana mwili haukai kitako ukamsubiri mwenyewe. Unapika, unasalimiana, unakwenda sokoni na kurudi na samaki ambaye mwenyewe hamli. Mwanakombo alikuwa akirudi, kama kurudi ndiko kulikokuwa, akakuta kiti kimehamishwa, koo limemkauka kana kwamba amegombana na mtu, na kule uani, nyuma ya mtungi wa maji, mtoto wa matambara ameketishwa na kufunikwa kipande cha kanga hadi kidevuni. Alimtupa. Baada ya siku akamkuta mwingine, safari hii ameshonwa kwa kanga yake anayoipenda. Naye alikuwa na umri wa kuitwa bibi, wala nyumbani mwake hamkuwa na mtoto mdogo. Alimtupa huyo pia, akaenda nyuma ya mlango kujipangusa.

Pengine angeendelea hivyo mpaka afe, akitupa na kupangusa, kama si Raya.

Raya alikuwa binti yake wa pekee, ameolewa mtaa wa pili, na tumbo lake la kwanza lilikuwa limeshaanza kumtangulia njiani. Kwa watu wa mji ule, mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Hilo halijadiliwi. Binti huja na furushi lake kabla ya uchungu, akajifungulia chumbani alimozaliwa, na mama ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anayempikia uji wa pilipili manga, anayemfukiza, anayemfunga tumbo, mpaka arobaini itimie. Mwanakombo alikuwa ameshalisugua karai la kuchemshia maji mpaka likang'aa. Alikuwa ameshatandika kitanda, akakitandua, akakitandika upya. Kitu hicho kimoja, kumkanda mwanawe, ndicho alichokitaka kuliko vyote alivyobakiza kuvitaka duniani.

Siku moja Raya alikuja akasimama barabarani, hatua chache kutoka mlangoni, akakataa kuingia.

"Nakwenda kujifungulia kwa mama mkwe," alisema.

"Kwa mama mkwe?" Mwanakombo alicheka, kwa sababu alidhani ni utani. "Kwani mimi nimekufa?"

"Hujafa, mama."

"Basi Bi Shuwena ana nini ambacho mimi sina? Karai?"

Raya aliangalia pembeni. Alikuwa analia bila sauti, kama alivyozoea tangu mdogo. "Nilikuja juzi na furushi langu. Nikapiga hodi. Ukaniuliza nani, nikakwambia mimi. Ukanijibu, 'Mama hayupo. Kasema nisimfungulie mtu.'"

"Mimi?"

"Wewe. Koo lako, ila sauti ya mtoto. Nikadhani unanitania, nikacheka. Nikasema, mama fungua, jua kali. Ukaanza kulia mle ndani. 'Mama hayupo, mama hayupo.' Mpaka madirisha ya watu yakafunguka." Alishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mama, sina ugomvi na wewe. Lakini nikija na mtoto mchanga, sijui nani atanifungulia mlango."

Unga ulianguka pale pale, mwingi, bila upepo, ukamjaza Mwanakombo kichwa na mabega. Majirani waliokuwa wakipita walitazama chini kwa adabu, adabu ile inayouma kuliko kuchekwa. Hakujitetea. Angejitetea kwa lipi, na yeye juzi hakuwepo? Aliingia ndani, akalifunika karai kwa gunia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema kwa sauti, peke yake, kwamba anahitaji kutibiwa.

Kusema ni rahisi. Kumpata wa kumtibu ndiyo kazi. Dada zake walimpeleka kwanza kwa mtu wa kutoa mashetani, wakaita ngoma, wakaita na mtaa mzima, kwa sababu shetani wa mtu mmoja ni tafrija ya wengi. Walimfunika shuka, wakamfukiza, wakamwuliza aliyempanda kichwani anataka nini ili atoke. Watu walitegemea kusikia pete ya dhahabu, au shuka jekundu, au marashi, kama mashetani wa watu wengine wanaojiheshimu. Chini ya shuka ikatoka sauti ndogo: "Nataka visheti." Ukumbi ukaangua kicheko, shetani mzima kutaka vitamu vya watoto. Mtoaji mashetani mwenyewe alicheka mpaka akaweka chetezo chini. Mwanakombo alisimuliwa hayo baadaye, na hakuelewa, ila kwa siku nyingi unga ulimwangukia hadi kwenye chakula.

Akaenda kwa daktari wa hospitali kubwa, aliyemtazama kama mtu anavyotazama tundu kwenye nguo, akampa vidonge vya usingizi. Alilala yeye. Wale wengine ndani yake hawakulala; aliamka akakuta ua mzima umefagiliwa na watoto wa matambara wawili nyuma ya mtungi. Akaenda kwa mshauri mmoja mwenye sauti laini na macho ya huruma, na kabla hajafika nyumbani habari zake zilikuwa zimeshamtangulia kwenye vijiwe vya kahawa. Kila alipotoka alisema ndiyo mwisho, haendi tena kwa mtu. Kisha alipita karibu na lile karai lililofunikwa gunia, akavaa buibui, akatoka tena.

Ndivyo alivyofika kwa Bi Salme. Nyumba yake ilikuwa katika mtaa ambao hakuna aliyekiri kwamba anauendea. Watu walioketi barazani kwake walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa anamsubiri mtu mwingine. "Mimi nimemsindikiza jirani," alisema mzee aliyekuwa peke yake. "Mimi nimepumzika tu, jua," alisema mama mmoja, na mbingu zimetanda mawingu. Mwanakombo naye akasema amekuja kumwangalia Bi Salme, amesikia hajambo ila kidogo kifua. Wote wakaitikia kwa heshima, wote weupe mabegani kama mafundi chokaa.

Bi Salme alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani ya kamba, asiyeharakisha neno. Siku ya kwanza alimwambia jambo ambalo Mwanakombo hakulitarajia. "Hapa hafukuzwi mtu. Kama umekuja nikufukuzie wale wa ndani, mimi siyo. Watu wa fani yangu wanauita ugonjwa huu kujitenga kwa nafsi. Nafsi ilielemewa utotoni, ikajigawa ili isivunjike. Unatibika, lakini si upesi, na si kwa kumtimua yeyote."

"Ahsante," alisema Mwanakombo. "Na kifua chako kinaendeleaje?"

Naam. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo wangelifanya watu wote waliolelewa vizuri katika mji ule. Alimfanya tabibu mgeni. Kila siku ya miadi alioga, akajifukiza udi, akavaa kanga mpya, akaja yule Mwanakombo wa wageni: anayetabasamu, anayeketi wima, anayesimulia maisha yake kwa mpangilio kama anayetandika meza. Machozi hayakumtoka. Sauti haikupanda. Alijibu kila swali na kumshukuru aliyeliuliza. Akirudi nyumbani, nyuma ya mtungi matambara yanaongezeka. Miezi miwili ilipita hivyo, au mmoja, au mitatu. Kwa Mwanakombo hesabu hizo zilikuwa haziaminiki. Lakini tumbo la Raya lilikuwa saa isiyokosea. Alimwona siku moja kwa mbali akitembea huku ameshika kiuno, na alijua kwamba muda unakwisha na yeye bado anapiga soga.

"Bi Mwanakombo," alisema Bi Salme siku ile, akavua miwani. "Niwie radhi. Tangu uanze kuja umenikalisha ukumbini."

"Sijakufahamu, dada yangu."

"Umenikirimu mno. Nimekula, nimekunywa, nimesikia habari za kila mtu. Sasa nakuuliza. Kwenu, wageni wakiingia, watoto hupelekwa wapi?"

Mwanakombo alijibu bila kufikiri, kwa kuwa kila mtu anajua. "Uani."

"Na uani kwako kuna nani?"

Unga ukaanza kushuka kutoka dari ya chumba kile, polepole, kisha kwa wingi, mpaka Bi Salme mwenyewe akawa haonekani vizuri. Na kilichosemwa ndani ya unga ule hakikusemwa na Mwanakombo wa wageni.

Mama kaenda shughulini. Kaniambia kaa uani. Kaniambia usimfungulie mtu, nikirudi nitakuletea visheti. Mimi sikumfungulia mtu. Wallahi sikumfungulia. Watu walipiga hodi nikasema mama hayupo. Mwenye maziwa, mama hayupo. Jirani, mama hayupo. Yeye hakupiga hodi. Yeye ni wa nyumbani, anakula kwetu, wa nyumbani hapigi hodi. Alipitia mlango wa uani. Nilikuwa na mtoto wangu wa matambara. Nilimfunika asione. Mama alirudi na wageni. Nikamwambia mama, nikamwambia. Akasema shh, wageni watasikia. Akasema kaa uani. Visheti wakala wageni. Mimi nipo uani. Sijamfungulia mtu mpaka leo.

Unga ulipotulia, Mwanakombo alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, viatu vimemtoka, na Bi Salme ameketi chini vile vile, mbali naye kiasi cha mkono, hakumgusa. Safari hii hakuwa ameondoka kabisa. Alikuwa amesimama mahali kama nyuma ya mlango, na alisikia yote. Na aibu iliyomjia ilikuwa mpya. Miaka yote alimwonea haya yule mtoto. Alimwita upuuzi, akamtupa pamoja na matambara yake, akamfungia uani kila mgeni alipokuja. Lakini yule mtu aliyepita mlango wa uani, Mwanakombo hakuwahi kumwonea haya hata mara moja. Yeye alizikwa kwa heshima, na Mwanakombo mwenyewe alipika pilau ya hitima yake. Alitaka ardhi imchukue. Alisema hivyo, kwamba anataka ardhi imchukue.

"Nasikia," alisema Bi Salme. "Lakini unga huu mwingi si wako. Umekuwa ukimbebea mtu."

Matibabu yenyewe, ukiyasimulia, ni jambo dogo mpaka linachekesha. Bi Salme alimfundisha hodi. Yeyote wa ndani anayetaka kuja ukumbini apige hodi kwanza, na Mwanakombo asikimbie wala asimnyamazishe, amjibu. Aseme karibu, au aseme subiri kidogo mwanangu, nakuja. Jambo ambalo watu wa mji ule hulijua kabla hawajaota meno, yeye alilisoma ukubwani, jasho likimtoka. Alishindwa mara nyingi. Siku moja alisikia hodi ile ndogo kifuani akiwa na wageni wa kweli, na kabla hajajizuia akanong'ona, "Shh, watu watasikia." Sauti ilikuwa ya mama yake hasa. Siku hiyo alipotea tangu asubuhi mpaka jioni, akajikuta amejikunja nyuma ya mtungi. Alilia kwa hasira, akaenda kumwambia Bi Salme kwamba hajasogea hata nukta, naye Bi Salme akamwambia wataanza tena. Wakaanza tena. Watoto wa matambara hakuwatupa tena. Aliwapanga kitandani, juu ya shuka alilomtandikia Raya.

Kisha Bi Salme akamwuliza nani mwingine anastahili kuijua habari hii. Mwanakombo alijua jibu, na ndiyo maana alichelewa sana kulitaja.

Alikwenda mchana kweupe, mtaa wa pili, hakubeba brashi. Alipiga hodi kwa Bi Shuwena.

"Nani?"

"Mimi, mama yake Raya."

Mlango haukufunguka. Bi Shuwena alisema kwa ndani, bila ukali, kwa sauti ya mtu aliyeombwa aseme, "Raya hayupo."

Viatu vya Raya vilikuwa pale kizingitini, vimekanyagwa visigino kwa ajili ya miguu iliyovimba. Mwanakombo alivitazama. Alijua sasa alivyosimama mwanawe siku ile kwenye jua. Dirisha la kwanza likafunguka, na la pili, na unga ukaanza kumwangukia kama mvua ya masika. Angeweza kuulizia afya ya Bi Shuwena akaondoka. Alikuwa na maneno hayo tayari mdomoni, yanamjia yenyewe.

"Basi akirudi mwambie," alisema, na sauti ilikuwa yake. "Mwambie aliyemjibu siku ile ni mtoto niliyemfungia. Mtoto huyo aliachwa peke yake, akaambiwa asifungue, akaahidiwa visheti. Akaingiliwa na mtu wa nyumbani. Aliposema, akanyamazishwa, na visheti hakupewa. Mwambie yule mtoto ni mimi. Mimi natibiwa. Sijapona, na pengine kupona kwangu hakutafanana na kwa watu wengine. Namwomba radhi kwa lile jua." Habari ya karai hakuisema. Aliondoka. Njia nzima watu walimpisha.

Siku zikapita, za wengine mbili mbili, za Mwanakombo zikiruka hapa na pale, ingawa mashimo yalikuwa yamepungua. Alisikia kwamba uchungu wa Raya u karibu. Alilifunua karai, kwa vile gunia lilikuwa linamtia simanzi kuliko karai lenyewe, akaliosha. Lilikuwa safi. Akaliosha tena.

Alikuwa uani, mikono ndani ya maji, aliposikia mlango wa mbele.

"Hodi."

Ndani ya kifua, kitu kidogo kilikimbia kuelekea nyuma ya mtungi, kikasita.

"Nani?" Sauti ilitoka kinywani mwake, nyembamba, ya kitoto. Hakuwa ameipa ruhusa, lakini hakuwa ameondoka pia. Alikuwepo, anaisikia, mikono yake inatona maji.

"Mimi."

Mwanakombo hakumharakisha yule mtoto wa kifuani. Hakusema shh. Kimoyomoyo alisema tu, nipo hapa, mwanangu, nimerudi.

"Mama yupo," ilisema ile sauti ndogo, kwa sauti ya kumfanya wa nje asikie. "Subiri. Anakuja."

Akapita ukumbi, akapita brashi bila kuigusa, akafungua. Raya alikuwa amesimama na furushi chini, uso umemvimba, jasho linamtiririka, na mabegani mwake mna unga kama wa mtu aliyepita mtaa mzima watu wakimwuliza kulikoni anahama ukweni siku za mwisho. Mama na mwana wakatazamana, weupe wote wawili. Kisha Raya akainama kwa taabu, akafungua furushi lake, na kati ya nguo za mtoto akatoa kifuko cha karatasi kilicholowa shira.

"Hivi si vyako wewe," alisema. "Ni vya yule aliyenijibu. Mwambie vimechelewa."

Mwanakombo alivipokea kwa mikono yake iliyolowa. Alitoa kisheti kimoja, akakitia mdomoni pale pale mlangoni, mbele ya mtaa, na alilia kwa kwikwi kama anavyolia mtoto, huku anatafuna, na hakufunika uso.

Raya alikuwa wa nyumbani. Angeweza kupita tu. Lakini hakuingia, alisimama nje ya kizingiti, ameshika kiuno, uchungu unamjia na kumwachia, akasubiri.

"Karibu," sauti ikasema. Ilikuwa ya nani kati yao, Raya hakuuliza. Alivua viatu, akaingia.